Kompyuta Iliyokuwa Baridi Kuliko Chumba

Kengele ya mapumziko ilipolia saa nne, wanafunzi wa shule ya msingi pale Kibiti walikimbilia kwa mama muuza mihogo. Mwanamkuu alikwenda upande mwingine. Alivuka uwanja, akafuta miguu mlangoni, akaingia katika chumba kidogo cha kompyuta kilichopakana na mashine ya kusaga ya Bwana Maneno.

Kompyuta ilikuwa moja tu, na haikuwa mpya. Ilitoka Dar es Salaam pamoja na printa yake, zawadi ya ofisi iliyonunua nyingine. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta ya Bwana Maneno, kwa hiyo ilifanya kazi pale tu mahindi yalipokuwa yakisagwa. Mwalimu Kheri aliwachagua wanafunzi wanne wa darasa la sita wajifunze kuitumia. Amri, mtoto wa Mzee Sadala, alikuwa na vidole vyepesi, hivyo alipewa kazi ya kuchapa. Mwanamkuu alikuwa na mwandiko mzuri, hivyo alikabidhiwa daftari.

Daftari hilo liliagizwa na dada Maimuna, fundi aliyeileta kompyuta na kuifunga. Aliuacha ukutani mfano wa kazi: andika tarehe, andika saa, andika joto la chumba kutoka kwenye kipimajoto cha ukutani, kisha andika joto la prosesa kutoka kwenye skrini.

"Prosesa ndicho kipande kinachofanya hesabu zote humu ndani," aliwaeleza siku ile. "Kikifanya kazi kinapata moto, kama mtu anayelima. Nataka kujua kinavumiliaje joto la Kibiti. Andikeni mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane."

Siku ya kwanza Mwanamkuu alisoma kipimajoto cha ukutani. Nyuzi thelathini na tatu. Ulikuwa mwezi wa Februari, na bati la chumba kile lilikuwa likilia kwa jua. Kisha akaangalia skrini. Nyuzi ishirini na sita.

Akapangusa skrini kwa ncha ya ushungi. Ishirini na sita, vilevile.

Alikaa na kalamu mkononi. Kitu kinachofanya kazi kitakuwaje baridi kuliko chumba kilimokaa? Alikumbuka wiki iliyopita, alipoandika ubaoni kumi na tatu badala ya thelathini na moja, na darasa zima likacheka. Amri ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mwanamkuu anahesabu kwa kurudi nyuma kama kaa!" alisema, na jina la Kaa likamganda siku tatu.

"Wataniambia nimesoma vibaya," aliwaza. Akaandika arobaini. Arobaini ilikuwa nambari yenye adabu. Haikumshangaza mtu.

Saa nane, masomo yalipokwisha, Amri alikuwa tayari amekaa mbele ya kibodi akichapa maswali ya mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mtihani huo ungetumiwa na shule kadhaa, zikiwemo za visiwani kule delta, na ulipaswa kuondoka na mashua Jumatatu moja, majuma matatu mbele. Mwanamkuu alichungulia pembeni ya skrini. Sabini na moja! Asubuhi ishirini na sita, mchana sabini na moja. Nani angemwamini? Akaandika arobaini na sita, akafunga daftari, akawahi chuo cha Kurani kwa maalimu.

Ndivyo alivyoendelea. Kila nambari ilipomtisha, aliipunguza. Ilipomchekesha, aliiongeza. Baada ya majuma mawili daftari lilipendeza sana, arobaini na arobaini na sita, thelathini na tisa na arobaini na tano, zimejipanga kama miche kitaluni.

Tatizo lilianza Jumatatu. Mwanamkuu alikuwa amekwishaondoka. Amri alikuwa katikati ya swali la ishirini na mbili, mara skrini ikawa nyeusi. Taa ya chumba iliendelea kuwaka, na upande wa pili mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Kompyuta peke yake ndiyo ilizima. Jumanne ikazima tena. Jumatano ikazima mara mbili, na kila ilipozima, kazi iliyokuwa haijahifadhiwa ilipotea.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Kheri aliwaita Amri na Mwanamkuu ofisini, akampigia simu dada Maimuna, ambaye wiki ile alikuwa na kazi Nyamwage. Aliiweka simu kwenye sauti ya juu, kisha akafungua daftari.

"Inazima yenyewe, mwanangu, kila mchana," alisema.

"Joto likoje, Mwalimu?" iliuliza sauti ya Maimuna. "Nisomee za saa nane."

"Jumatatu, arobaini na sita. Jumanne, arobaini na tano. Jumatano, arobaini na saba. Zimeandikwa vizuri, kama chapa."

Mwanamkuu aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Basi si joto," alisema Maimuna. "Kwa nyuzi hizo mashine inastarehe. Taa haizimiki?"

"Haizimiki."

"Basi angalieni waya na swichi. Huenda kuna anayeugusa waya kwa mguu, au anabonyeza swichi bila kujua. Mimi nitakuja Jumamosi, lakini nadhani kosa ni la mkono wa mtu."

Mwalimu Kheri akazima simu. Alimwangalia Amri. Amri alijulikana kwa utundu. Mwaka uliopita aliwahi kuifunga kengele ya shule kwa kitambaa ili isilie.

"Kila ikizima, wewe ndiye uliyekaa pale."

"Wallahi Mwalimu, sijaigusa swichi!"

"Usiape ovyo. Daftari hili halina sababu ya kukusingizia. Mpaka nitakaposema vingine, usiingie tena chumba cha kompyuta. Na utamwagilia miche ya shule, asubuhi na jioni."

Machozi yalimjaa Amri machoni, akayafuta haraka kwa mkono wa shati kabla Mwanamkuu hajayaona. Lakini Mwanamkuu aliyaona.

Habari haikuchelewa. Kufika saa sita Amri alikuwa amepewa jina jipya. "Bwana Zima!" walimwita wenzake. "Bwana Zima, usiliangalie jua, tutalala mchana!" Jioni Amri akaenda kwenye miche. Alibeba ndoo yake, akamwagilia miche mmoja mmoja, na hakucheka na mtu.

Jioni ile Mwanamkuu alimsindikiza baba yake, Mzee Dadi, kwa Bi Rukaiya. Mzee Dadi alikuwa mchimba visima. Alihamia Kibiti kutoka Mbwara akiwa kijana, na visima vingi vya mtaa ule vilikuwa kazi ya mikono yake. Bi Rukaiya aliwapokea akiwa amefunga khanga kiunoni kama anayekwenda vitani.

"Bwana Dadi, kisima chako kinanikimbia! Mwaka jana ulipima mbele yangu, ukaniambia mikono kumi na moja hadi kwenye maji. Leo mjukuu wangu kapima, kapata kumi na tatu. Maji yanazama. Au nimelogwa?"

"Nani akuloge, Bi Rukaiya? Mlogaji gani atakayekubali kelele zako?" Mzee Dadi alicheka, akakunjua kamba yake. Kila fundo katika kamba ile lilikuwa mkono mmoja. Aliishusha taratibu mpaka jiwe lililofungwa mwishoni mwake likagusa maji, akaihesabu akiivuta.

"Kumi na tatu," alisema.

"Si nilikwambia!"

Mwanamkuu alisogea karibu. "Baba, huenda umehesabu vibaya. Ndoo za jirani zinajaa kama kawaida. Sema kumi na moja tu, Bi Rukaiya apate kutulia."

Mzee Dadi alimgeukia kwa mshangao. "Nimeona kumi na tatu, nitasemaje kumi na moja? Nikiibadili hii nambari sasa, nitajuaje kilichoharibika?" Akazunguka kisima, akakipapasa kama daktari anavyompapasa mgonjwa. Kisha akapiga kofi ukingo wa saruji uliomfika kiunoni. "Bi Rukaiya, huu ukingo umejengwa lini?"

"Mwezi wa Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani. Mjukuu mdogo alitaka kutumbukia."

"Una urefu wa mikono miwili. Mwaka jana tulipima kutoka ardhini. Leo tumepima kutoka juu ya ukingo. Maji yako hayajaenda popote. Tumehamisha mahali pa kuanzia."

Bi Rukaiya alishika mdomo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mwanamkuu hakucheka. Ile kumi na tatu ilikuwa nambari ya ajabu, lakini ndiyo iliyowafikisha kwenye ukingo. Yeye alikuwa na nambari za ajabu za majuma mawili, na zote alizifukia kwa kalamu yake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alimkuta Amri kwenye miche.

"Amri, nina neno."

"Kama ni la Bwana Zima, nimekwishalisikia."

"Si hilo. Nambari za kwenye daftari... si za kweli. Nimezitunga."

Amri aliweka ndoo chini. "Umezitunga vipi?"

"Skrini ilionyesha nambari za kichekesho. Asubuhi baridi kuliko chumba, mchana inapanda kupita kiasi. Niliogopa mtanicheka. Nikaandika zinazofanana fanana na ukweli."

"Kumbe mimi naubeba mzigo wako!" Amri aliipiga ndoo teke, maji yakamwagika. "Baba ameniambia nisiguse tena hata redio ya nyumbani. Hata redio! Na wewe ulikaa kimya pale ofisini!"

"Nilikosea. Ninakwenda kwa Mwalimu sasa hivi. Nilitaka kukwambia wewe kwanza."

Amri alimwangalia. Alikuwa bado na hasira, lakini aliokota ndoo. "Nakuja nawe," alisema. "Usije ukafika mlangoni ukarudi kinyumenyume kama kaa."

Mwalimu Kheri alisikiliza bila kumkatiza. Mwanamkuu alipomaliza, Mwalimu aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Zile za kweli, unazikumbuka?"

"Baadhi, Mwalimu. Ya kwanza ilikuwa ishirini na sita, chumba thelathini na tatu. Mchana wake sabini na moja. Nyingine zimenitoka."

"Andika unazozikumbuka, ukurasa mpya. Usizozikumbuka usiziandike. Na zile za zamani usizifute, zipige mstari mmoja ili zisomeke. Adhabu yako tutazungumza baadaye. Amri, mwanangu, nimekuhukumu kwa ushahidi uliokuwa mbovu. Nisamehe. Leo saa sita nitasema hivyo mstarini, mbele ya shule nzima."

Akafanya hivyo. Na Mwanamkuu, bila kusukumwa, alitoka mstarini akasema sehemu yake mwenyewe. Wengine walicheka. Haikuwa rahisi, lakini usiku ule alilala vizuri.

Jumamosi dada Maimuna alifika mapema kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. "Daraja la Ndundu Mungu alibariki," alisema. "Enzi za pantoni ningekuwa bado ng'ambo ya mto, nawahesabu viboko." Mbele ya Mwalimu Kheri, Amri na Mwanamkuu alipitia ukurasa mpya wa daftari, na macho yake yakasimama kwenye mstari wa kwanza.

"Chumba thelathini na tatu, prosesa ishirini na sita. Una hakika na macho yako?"

"Nina hakika, dada. Nilipangusa hata skrini."

"Haiwezekani," alisema Maimuna, na akatabasamu. "Nambari isiyowezekana ni zawadi kubwa kwa fundi. Bwana Maneno, tuwashie jenereta!"

Kompyuta ilikuwa imelala usiku kucha bila kuwashwa. Kipimajoto cha ukutani kilisoma ishirini na nane. Skrini ilipofunguka, joto la prosesa lilisoma kumi na saba.

"Kumi na saba!" Amri alipiga mluzi. "Humu ndani kuna Lushoto?"

"Sasa fikirini," alisema Maimuna. "Imewashwa punde tu. Inapaswa kuwa na joto la chumba, na kuzidi kidogo. Tuseme thelathini na moja, thelathini na mbili. Inatupungukia kama nyuzi kumi na tano. Mwanamkuu, ile prosesa haina kipimajoto kama hiki cha ukutani, kinachohesabu kutoka sifuri kwenda juu. Yenyewe inajua kiwango chake cha mwisho cha kuvumilia, inaripoti imebakisha nyuzi ngapi kukifikia. Kuna programu ndogo iitwayo kiendeshi, inayochukua jibu hilo na kulitafsiri kwa ajili ya skrini. Prosesa ikisema 'nimebakisha hamsini', kiendeshi kinatoa hamsini kwenye kiwango cha mwisho, kinapata joto."

Mwanamkuu alikunja uso, kisha ukakunjuka. "Inapima kutoka juu! Kama kamba ya baba kisimani. Kwa hiyo kama kiendeshi hakijui ukingo uko wapi..."

"Kitakosea kila siku, tena kwa kiasi kilekile." Maimuna alitoa karatasi zilizokunjwa mkobani, akapitisha kidole kwenye orodha ya prosesa. "Hii yetu, kiwango chake ni mia moja. Tuone kiendeshi kinadhani ni ngapi." Akafungua faili, maandishi madogo yakajaa skrini. Alisoma polepole. "Themanini na tano. Kimeandikiwa prosesa ya aina nyingine, inayofanana na hii. Nami nilikifunga bila kuhakikisha. Hilo ni kosa langu, liandikeni daftarini."

"Kweli, dada?" aliuliza Mwanamkuu.

"Kweli. Kwa jina langu."

Alibadili themanini na tano kuwa mia moja, akawasha upya kiendeshi. Wote wanne waliinamia skrini. Ile kumi na saba ilikuwa imekwishapanda hadi kumi na tisa walipokuwa wakizungumza; sasa ilisomeka thelathini na nne.

"Imepona!" alisema Amri.

"Haijapona," alisema Maimuna. "Imeanza kusema kweli tu. Ile sabini na moja ya mchana, ongeza kumi na tano."

"Themanini na sita," alijibu Amri.

"Na hiyo ni saa nane, kabla hujachapa sana. Ikifika mia, prosesa inajizima ili isiungue. Kinga hiyo imo ndani yake yenyewe, haisubiri nambari ya kwenye skrini. Amri, hukuizima wewe. Ilikuwa ikijiokoa. Swali lililobaki ni kwa nini inapata moto kiasi hicho."

Walizima mashine, wakachomoa waya. Maimuna alifungua ubavu kwa bisibisi, na swali likajijibu. Feni iliyopaswa kuipoza prosesa ilikuwa nyeupe. Unga wa Bwana Maneno ulikuwa umepenya kwenye ufa wa ukuta siku baada ya siku, ukachanganyika na vumbi na unyevu, ukashika kama ukoko wa ugali chini ya sufuria.

"Lo!" alisema Bwana Maneno mlangoni. "Kumbe nami nailisha."

Walisafisha kwa brashi ya rangi na kitambaa kikavu mpaka feni ikazunguka kwa kupulizwa tu. Bwana Maneno aliziba ufa kwa saruji, na meza ikahamishiwa ukuta wa upande wa dirisha. Saa nane Amri alikaa kwenye kibodi, akachapa kuanzia swali la ishirini na mbili hadi la hamsini bila kusimama, wakati printa ikitoa kurasa za mwanzo. Mwanamkuu alisoma: chumba thelathini na nne, prosesa hamsini na nane. Akaandika hamsini na nane. Saa tisa, sitini na moja. Akaandika sitini na moja. Skrini haikuzima. Jioni mtihani ulikuwa umefungwa kwenye bahasha, tayari kwa mashua ya Jumatatu.

Dada Maimuna alipokuwa akifunga mkoba wake, Mwanamkuu alimsogelea Mwalimu Kheri. "Mwalimu, adhabu yangu?"

"Utamwagilia miche kwa siku zilezile alizomwagilia Amri." Mwalimu alivuta kiti, akamwonyesha benchi, na Amri naye akakaa. "Lakini nataka uelewe kwa nini. Hukuandika nambari zile ili umuumize mtu. Uliziandika kwa adabu. Sisi watu wa huku tumelelewa hivyo. Mtu ana homa inamtetemesha, ukimwuliza hali, atajibu 'sijambo'. Ni uungwana, hataki kukutia simanzi. Lakini mtu huyohuyo akifika zahanati, mganga akamwuliza, naye akajibu 'sijambo', atarudi nyumbani na homa yake. Na pengine dawa atapewa asiyeumwa."

Amri alinyoosha kidole. "Mimi ndiye niliyepewa dawa, Mwalimu. Ndoo ishirini."

Wakacheka wote, hata Mwanamkuu.

"Wewe ndiye," alisema Mwalimu Kheri. "Kwa hiyo shikeni hili, nyote wawili, hata mkiwa wakubwa, mkawa mafundi au wauguzi au wapimaji wa maji. Nambari inayochekesha, iandikeni. Inayotisha, iandikeni. Usiyoielewa, iandike na uulize. Anayesoma haoni nyuso zetu wala hajui tuliogopa nini. Ana yale tuliyomwandikia tu, na kwa hayo atamhukumu mtu au atamwokoa. Daftari halisalimiwi, wanangu. Daftari huulizwa, na hujibu kwa niaba ya watu ambao hawapo kujitetea."